Selotepu Imeua Vitabu Kuliko Mvua

Mwulize muuza vitabu wa Kampala kwa nini riwaya za miaka ya 1960 humfikia zikiwa hoi, naye atailaumu mvua. Ana haki kiasi. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, una misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na katika miezi hiyo unyevu wa hewa hupita asilimia 65 mara kwa mara. Kuanzia hapo kuvu hustawi kwenye gundi, kitambaa na karatasi. Lakini ukizikagua nakala hizo moja moja, utaona kwamba jeraha kubwa mara nyingi lililetwa na mtu aliyekipenda kitabu: aliyekitia selotepu, aliyekivisha nailoni, aliyekipeleka kwa fundi kikapigwa pini na kukatwa kingo, aliyesugua mhuri wa shule kwa jiki. Anayepima hali ya toleo la kwanza nchini Uganda ana kazi mbili asizopaswa kuzichanganya: kuusoma uchakavu wa umri, na kuusoma uharibifu wa matunzo. Huo wa pili ndio wa kukatia alama nyingi zaidi, maana hauna dawa.

Hali hupimwa baada ya kujua unapima nini. Nakala safi ya chapa ya tano haina kazi kwa mkusanyaji, hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Fungua ukurasa wa haki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina, utafute mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza na, chini yake, miaka ya kurudiwa. Wachapishaji wengi wa Uingereza waliandika mwaka wa kwanza tu, kisha wakaongeza mstari kila walipochapa tena, kwa hiyo pasipo na mistari hiyo pana matumaini. Vitabu vya Marekani vya miongo ya karibuni vina safu ya tarakimu, na tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Wachapishaji Random House wa huko walikuwa na tabia yao: kwa miaka mingi chapa yao ya kwanza ilikuwa na maneno ya kutaja toleo la kwanza juu ya safu inayoishia kwenye 2. Aliyekariri kwamba lazima 1 iwepo huitupa nakala nzuri.

Mifano ya kwetu inafundisha zaidi. Weep Not, Child, riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika akiwa mwanafunzi Makerere, ilitolewa na Heinemann mwaka 1964 kwa jina lake la zamani, James Ngugi. Ukiikuta yenye jina la Ngũgĩ wa Thiong'o kwenye jalada, hiyo ni chapa ya baadaye. Sahihi yenye jina jipya ndani ya nakala ya 1964, kwa upande mwingine, haina tatizo. Ina maana kitabu kilitiwa sahihi miaka mingi baada ya kununuliwa. Tazama pia kurasa za matangazo mwishoni: ikiwa orodha ya vitabu vya mfululizo wa Heinemann inataja A Grain of Wheat, riwaya ya 1967, basi karatasi hizo hazikuchapwa 1964, muuzaji aseme atakavyo. Namba ya ISBN nayo ni shahidi mzuri. Uingereza ilianza na namba ya tarakimu 9 mwaka 1967, ikaja ya 10 mwaka 1970, na ya 13 tangu Januari 2007. Bei zina ushahidi wao: Uingereza iliacha shilingi na peni za zamani tarehe 15 Februari 1971, hivyo jaketi, yaani karatasi inayovishwa juu ya jalada gumu, lenye bei ya mfumo mpya peke yake halikuzaliwa pamoja na kitabu cha 1964.

Toleo la kwanza si lazima liwe la jalada gumu, wala lazima litoke London. Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi ilitolewa kwanza na Kwani Trust ya Nairobi mwaka 2014. La Marekani lilifuata 2017 na la Uingereza 2018. Abyssinian Chronicles ya Moses Isegawa ilitoka kwanza Uholanzi, kwa Kiholanzi, mwaka 1998, na Kiingereza kikaja 2000. Mtu anayeuza toleo la Kiingereza anaruhusiwa kuliita la kwanza kwa Kiingereza, na maneno hayo mawili ya mwisho yasiachwe.

Sasa hali yenyewe. Jaketi la karatasi huanza, kwa sababu kwenye riwaya za karne ya 20 zenye jalada gumu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya bei. Nakala ya riwaya maarufu iliyopoteza jaketi hupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake bila ubishi. Livue polepole juu ya meza safi, mikono ikiwa mikavu, ulitandaze. Tazama pembe za mikunjo ya ndani: ikiwa moja imekatwa mshazari, bei iliondolewa, pengine na aliyenunua zawadi, pengine na anayetaka kuficha kwamba bei ni ya chapa ya baadaye. Ikiwa pembe hazikukatwa na bei haipo kabisa, na kitabu ni cha Marekani, geuza jalada la nyuma uangalie kona ya chini karibu na mgongo. Kidoti au kimraba kilichogandamizwa bila wino ni alama ya toleo la klabu ya vitabu, lililochapwa kwa ajili ya wanachama wake. Haya ni mengi kwenye vitabu vya misaada vinavyoingia nchini kwa kontena na kuishia kwenye meza za kando ya barabara.

Rangi ya mgongo wa jaketi ilinganishe na ya mkunjo wa ndani, ambao haujawahi kuona jua. Nyekundu, waridi na zambarau ndizo zinazokimbia kwanza. Michaniko ipime kwa rula na uiandike kwa milimita, ukitofautisha mchaniko uliofunga, ambao karatasi yake yote ipo, na pengo, ambalo kipande chake kimekwenda.

Halafu uliza kama jaketi na kitabu vimeishi pamoja. Swali hili halipewi nafasi inayostahili, nami naliona kuwa muhimu kuliko usafi. Pengo la milimita 8 kwenye kichwa cha mgongo wa jaketi lingepaswa kuacha kitambaa kilicho chini yake kimepauka au kimeshika vumbi, hasa vumbi letu jekundu linaloingia kila mahali. Kitambaa kikiwa na rangi mbichi hapo, jaketi limetoka kwa kitabu kingine. Vivyo hivyo doa la maji lililopenya jaketi hadi upande wa ndani na lisiache chochote kwenye ubao wa jalada. Pima urefu: jaketi fupi au refu kwa milimita 2 au 3 kuliko jalada linatia shaka. Soma pia maandishi yake. Sifa za magazeti kuhusu kitabu hicho hicho haziwezi kupatikana kabla ya kitabu kutoka, kwa hiyo zikijaa kwenye jaketi, mara nyingi ni la chapa iliyofuata.

Jaketi la kunakiliwa ni jambo jingine. Anayejua Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, anajua kwamba mashine za mtaa ule zinaweza kutoa nakala ya karatasi yoyote kabla ya chakula cha mchana, na kunakili jaketi ili kulinda kitabu kilichokosa la kwake si kosa mradi litajwe. Kulitambua kunahitaji kioo cha kukuzia mara 10, kile cha masonara. Elekeza kwenye herufi. Kwenye jaketi la asili la miaka ya 1960 kingo za herufi ni za wino mzima, uliokolea. Kwenye nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya, herufi yenyewe imejengwa kwa vidoti vya rangi nne, hata pale inapoonekana nyeusi tii. Taa ya zambarau ya kukagulia noti nayo husaidia, kwa tahadhari. Karatasi yenye kemikali za kung'arisha huwaka bluu chini ya taa hiyo, na kemikali hizo zilienea kuanzia miaka ya 1950. Jaketi la kitabu cha 1934 likiwaka hivyo, kesi imekwisha. La 1964 likiwaka halijathibitisha lolote.

Kwa jalada, simamisha kitabu mezani ukitazame kwa juu. Ubao wa mbele na wa nyuma ulingane. Ukimtangulia mwenzake kwa milimita 3 au zaidi, kitabu kimepinda, ama kwa kuegemezwa rafuni, ama kwa gundi kulainika kwa joto la ghala la mabati. Kagua pembe nne na ncha mbili za mgongo kwa kidole. Kisha fungua jalada la mbele hadi nyuzi 90, si zaidi, kiganja kikiwa chini yake. Bawaba ya ndani, pale karatasi ya mwanzo inapokutana na ubao, ndipo penye habari. Ufa wa karatasi tu ni kasoro ya wastani. Ukiona kitambaa chenye matundu kama cha bandeji kinachungulia, kitabu kinashikiliwa na nyuzi chache na bei iteremke vilivyo.

Jalada laini lina ugonjwa wake. Vitabu vingi vya aina hiyo havikushonwa. Kurasa zilikatwa upande wa mgongo zikabandikwa kwa gundi, na gundi ile baada ya miaka 40 au 50 hukauka ikawa kama biskuti. Usikifungue zaidi ya lazima kwa sababu kila ufunguaji mpana ni ufa mmoja mpya. Hesabu mikunjo ya wima kwenye mgongo: hakuna, mmoja, kadhaa. Nakala ya riwaya iliyowahi kuwa kitabu cha mtihani ikikosa mkunjo hata mmoja ni bahati, nayo ilipiwe kama bahati.

Ndani, hesabu kurasa. Usiamini namba za mwisho peke yake. Pitia ukurasa mmoja mmoja, pamoja na zile za mwanzo zisizo na namba. Kinachokosekana sana ni karatasi tupu ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyobeba jina la mwenye kitabu au mhuri wa shule, na aliyekichukua aliona ni salama kuichana. Pitisha ukucha taratibu kwenye bonde la ukurasa. Kisiki cha karatasi kitajitokeza. Nakala iliyokosa karatasi hiyo haiwezi kupita daraja la wastani, na nakala iliyokosa ukurasa wa hadithi ni ya kusomea tu, basi.

Majina yaliyoandikwa kwa mkono yanaogopwa bure. Jina dogo la wino lenye mwaka hupunguza kidogo sana, na wakati mwingine huongeza. Baada ya Agosti 1972, Waasia walipopewa siku 90 kuondoka, maktaba nzima za majumbani zilibaki au zilitawanyika, na muhuri wa duka au jina la familia ndani ya kitabu cha wakati ule ni sehemu ya historia ya nakala hiyo. Anayelifuta anaharibu ushahidi na karatasi kwa pamoja.

Madoa ya kahawia yaliyotapakaa kama kutu ni ya kawaida kwa hali ya hewa yetu; taja yako wapi na mengi kiasi gani. Kuvu ni swali la uhai. Iguse kwa brashi laini: ikidondoka kama unga mkavu, imelala, ikipakaa na kuacha mchirizi, iko hai, na kitabu hicho kisikae chumba kimoja na vingine. Harufu inahesabika. Kitabu kinachonuka uvundo hakiwezi kuwa daraja la juu hata kikiwa hakina doa, na kinachonuka dawa ya nondo kitanuka hivyo kwa miaka. Mende hula ngozi ya juu ya kitambaa na kuacha mabaka yasiyo na mpangilio. Mabuu ya mbawakawa hutoboa tundu la duara linalopita kurasa nyingi. Mchwa hawana adabu, hula kuanzia ukingo hadi pasibaki kitu. Tundu likiwa na unga mpya mweupe, mdudu bado yumo. Funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha kiache mfukoni siku nzima kirudie joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo mvuke wa hewa utageuka matone ya maji juu ya jalada.

Tunarudi kwa matunzo. Selotepu hupita hatua tatu. Kwanza inanata vizuri na kila mtu anafurahi. Baadaye gundi yake huwa kama mafuta, hunywewa na karatasi na kuifanya ionekane upande wa pili. Mwisho huwa kahawia na ngumu, utepe hudondoka wenyewe, doa hubaki milele. Joto huharakisha yote hayo. Mchaniko wa sentimita 2 ulioachwa ulivyo ni kasoro ndogo ambayo mtaalamu anaweza kuifunga kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, na uji huo hutoka kwa maji siku yoyote. Mchaniko huo huo ukishatiwa selotepu unakuwa doa la sentimita 2 kwa 5 lisiloondoka. Kuing'oa hubandua wino pamoja nayo. Thina na asetoni huyeyusha rangi ya jaketi. Utepe uliokwisha dondoka uachwe. Ambao bado unanata uachwe pia, usubiri mwenye ujuzi.

Kava la nailoni lina ubaya wa aina mbili: plastiki laini ya PVC hutoa tindikali na kunata kwenye wino wa jaketi, na waliolivisha walizoea kulibandika kwenye karatasi za ndani. Filamu ya poliesta iliyokunjwa tu juu ya jaketi bila gundi haina madhara hayo. Kuanika vitabu juani ili kuua kuvu ni tiba inayopausha mgongo na kupindisha mbao za jalada kwa saa chache. Jiki huondoa mhuri na kuacha baka jeupe ambalo baadaye huwa njano na dhaifu. Baka hilo huonekana wazi ukurasa ukielekezwa dirishani. Mhuri ungeachwa, kitabu kingeitwa cha maktaba na kuteremshwa daraja. Uliposuguliwa, kimeteremshwa na bado watu wanajua.

Lakini kinachouma zaidi ni kazi ya fundi. Kurasa za jalada laini zikitoka, fundi huzipanga, huzipiga pini mbili au tatu pembeni, hupaka gundi ya mbao, huvisha kadibodi, kisha huupitisha mzigo kwenye mashine ya kukatia. Kwa dakika kumi kitabu kimepoteza jalada la asili, ukingo wa ndani hausomeki, pini zitaota kutu na kutoboa kila karatasi, na milimita 3 hadi 5 za kingo zimekwenda. Gundi ya mbao haitoki kwa maji. Shule ilikuwa sahihi kufanya hivyo kwa vitabu vya darasani, wanafunzi walihitaji kusoma. Kwa mkusanyaji nakala hiyo ni ya chini kabisa, na ukataji wenyewe unathibitishwa kwa rula: katalogi za maktaba hutaja urefu wa kitabu kwa sentimita, zikikaza juu, kwa hiyo kilichoandikwa sentimita 19 lazima kizidi 18. Chako kikiwa 17.7, kimekatwa.

Madaraja ya biashara hii, kama yalivyopendekezwa na jarida la Marekani AB Bookman's Weekly mwaka 1949 na kuzoeleka tangu hapo, huanzia kilicho kama kipya, hushuka hadi safi, kizuri sana, kizuri, cha wastani na kibovu, na kitabu hupewa daraja lake, jaketi lake. Ajabu yake ni kwamba kilichoitwa kizuri kimechakaa wazi, ila kimekamilika. Wauzaji wetu hukwepa ukali huo kwa kusema kitabu kiko vizuri kwa umri wake. Siukubali msamaha huo. Mnunuzi wa Nairobi au London akisoma kizuri sana anategemea kitu kile kile, kiwe cha 1953 au cha 2014. Uhaba una mahali pake, nako ni kwenye bei. Lak Tar ya Okot p'Bitek, riwaya ya Kiacholi iliyotolewa na Eagle Press mwaka 1953, itapata mnunuzi hata ikiwa na mgongo uliopasuka, lakini iitwe yenye mgongo uliopasuka.

Maelezo ya kuuzia yasipambwe. Kwa nakala yenye kasoro za kawaida yangetosha haya: "Heinemann, 1964, chapa ya kwanza. Kitabu kizuri sana, jaketi zuri. Bawaba ya mbele ina ufa wa karatasi wa mm 30, kitambaa hakijaonekana. Madoa ya kahawia kwenye kurasa 10 za kwanza na kingo za juu. Jina la mmiliki, wino wa bluu, karatasi tupu ya kwanza. Jaketi halikukatwa bei, mgongo umepauka, pengo la mm 6 kichwani, selotepu ya zamani upande wa ndani, doa la sm 4 limepenya mbele. Hakuna harufu." Picha ziwe saba: mbele, nyuma, mgongo, ukurasa wa haki, mikunjo yote miwili ya jaketi, na doa la selotepu kwa karibu, rula ikiwa kando yake.